QGIS, ArcGIS Pro au Google Earth Pro: ipi ichore ramani ya eneo la mradi wa makazi?

Anayetaka kuchora ramani ya eneo linalopendekezwa kuendelezwa kuwa makazi ya mjini hukutana mapema na swali la programu, na kwa kawaida hujibiwa na yule aliyekaa karibu naye. Aliyesoma katika chuo chenye leseni za ArcGIS atamwambia hakuna nyingine, aliyejifunza mwenyewe usiku kwa kompyuta mpakato atamsifia QGIS, na mwenye haraka atamshauri afungue Google Earth Pro amalize. Programu hizi tatu hazishindani katika kila hatua ya kazi, na hatua zinazoharibu ramani si zile ambazo watu huzitazama wanapochagua.

Ili ulinganisho usielee hewani, nitauegemeza kwenye kazi ya aina moja inayofahamika: shamba la ekari 40, yaani takriban hekta 16, pembezoni mwa Dar es Salaam, ambalo mwenye nalo anataka ligeuzwe viwanja vya makazi vya mita za mraba 600, likiwa na barabara za ndani, eneo la shule na soko dogo, huku upande wake mmoja ukipakana na korongo linalopeleka maji katika Mto Msimbazi. Kabla ya mchoro wa mipango miji kuandaliwa, ofisi ya halmashauri itataka kuona mpaka ulipo, hali ya sasa ya ardhi, mteremko, maeneo yasiyofaa kujengwa, na uhusiano wa shamba hilo na barabara na huduma zilizopo. Hayo ndiyo tutakayoyapima.

Google Earth Pro: kwa mtazamo wa kwanza

Google Earth Pro iliuzwa dola 399 kwa mwaka hadi Januari 2015, ilipotolewa bure, na tangu hapo imekuwa daftari la kwanza la karibu kila mtu anayeshughulika na ardhi. Uwezo wake mkubwa, ambao programu nyingine hazijaupata kwa urahisi huo, ni picha za satelaiti za miaka iliyopita. Ukivuta kitelezi cha muda kurudi nyuma juu ya bonde la Msimbazi, utaona kingo zilivyoliwa, mchanga ulivyojaa na nyumba zilivyosogea ukingoni, kisha utafika Jangwani na kuona karakana ya mabasi yaendayo haraka ilivyowekwa ndani ya bonde lenyewe, mahali ambapo kila aliyefuatilia habari za jiji anajua jinsi maji yalivyoirudia. Kwa mwenye shamba linalopakana na korongo, nusu saa ya kitelezi hicho ina thamani kuliko kurasa nyingi za maelezo ya dalali.

Hata hivyo, Google Earth Pro haijibu maswali ya uchambuzi. Itakupimia eneo na urefu, itakuonyesha umbo la mwinuko kwenye mstari uliouchora, lakini ukiiuliza ni viwanja vingapi vimeingia katika ukanda wa hifadhi ya korongo, haina namna ya kujibu isipokuwa uhesabu kwa macho. Picha zake pia zinaweza kukaa pembeni ya ukweli kwa mita kadhaa, kosa ambalo halimsumbui anayetafuta hoteli, lakini linamgharimu anayetenga barabara ya mita 10 kati ya viwanja viwili. Kwa hiyo itumike siku ya kwanza, mistari ihifadhiwe katika faili la KML, kisha kazi ihamie kwingine. Kuanzia hapa ulinganisho halisi ni wa programu mbili.

Kodineti: mahali ambapo kazi nyingi huharibika

QGIS ilianzishwa mwaka 2002 na Gary Sherman kama programu ya chanzo huria, na hadi leo hupakuliwa bure na hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. ArcGIS Pro ni ya kampuni ya Esri, iliyoanzishwa mwaka 1969 huko Redlands, California. Ilitoka mwaka 2015 kuchukua nafasi ya ArcMap, na hufanya kazi kwenye Windows pekee. Zote mbili zinajua mifumo ya kodineti, yaani namba zinazotaja mahali duniani, kwa maelfu. Tofauti iko katika namna zinavyokuachia, au zinavyokuzuia, kukosea.

Ramani nyingi za zamani za upimaji nchini Tanzania ziko katika mfumo wa Arc 1960, uliojengwa juu ya umbo la dunia la Clarke 1880, ilhali simu, GPS ya mkononi na picha za satelaiti hutoa kodineti za mfumo wa WGS 84. Kwa ukanda wa pwani mfumo wa kwanza una namba 21037 katika orodha ya EPSG, inayoipa kila mfumo wa kodineti namba yake, na wa pili una namba 32737. Vyote viwili ni vya UTM, mpango unaoigawa dunia katika kanda na kupima kwa mita, kanda ya 37 Kusini, na namba zake zinafanana kiasi kwamba jicho haliwezi kuzitofautisha. Niliwahi kupokea karatasi yenye alama kumi na moja za mpaka, mashariki ikianza na laki tano na kaskazini ikianza na milioni tisa, bila neno moja la kusema ni mfumo gani. Mwenzangu aliziingiza kama WGS 84. Umbo lilitoka safi, pembe zote zilikubaliana na mchoro, eneo lilikuwa lile lile, ila shamba zima lilikuwa limepanda kaskazini karibu mita 300 na kulalia nyumba za watu, msikiti na kisima. Asingekuwapo mtu aliyepafahamu mahali pale, ramani ile ingetumwa ilivyo.

QGIS, ikiwa umeiwekea iulize, hukufungulia dirisha lenye orodha ya njia za kubadili kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, kila njia ikiwa na usahihi wake kwa mita na eneo la dunia inakofaa. Dirisha hilo huwakera wanaoanza, nami nasema heri likukere. ArcGIS Pro huchagua njia yenyewe kulingana na eneo ulilopo, na mara nyingi huchagua vizuri, lakini uamuzi huo umefichwa ndani ya sifa za ramani, na wengi hufanya kazi miaka mingi bila kuifungua sehemu hiyo. Kwa mtu anayechanganya ramani za upimaji za zamani na data mpya, hapa QGIS inaongoza.

Tahadhari nyingine ni ya wanaofanya kazi Dodoma. Mji wenyewe uko katika kanda ya 36, lakini mstari wa nyuzi 36 Mashariki unaotenganisha kanda ya 36 na ya 37 uko chini ya kilomita 30 upande wa mashariki, na mji unapanuka kuelekea huko huko. Programu zote mbili zitakuonyesha matabaka (mafungu ya data yanayopangwa moja juu ya jingine) ya kanda hizo mbili yakiwa yamekaa pamoja vizuri kwenye kioo. Usumbufu huja unapotoa orodha ya kodineti na kumkabidhi mpima ardhi bila kuandika kanda.

Ukanda wa mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa na mto. Kwa shamba letu la mfano, kuchora ukanda huo ni kazi isiyokwepeka, na ni mahali ambapo ArcGIS Pro inaonyesha malezi mazuri. Ukiipa mstari wa korongo ulio katika nyuzi za latitudo na longitudo, kisha ukaomba ukanda wa mita 60, inaelewa kuwa umetaja mita na inachora ukanda kwa kufuata umbo la dunia. QGIS hufuata kipimo cha tabaka lenyewe. Tabaka likiwa katika nyuzi, 60 yako ni nyuzi 60, na utakachopata ni duara linalomeza karibu Afrika yote, Uarabuni na Bara Hindi. Inakuonya kwa alama ndogo ya njano pembeni ya kisanduku, ambayo mtu mwenye haraka haioni. Dawa ni kulibadilisha tabaka liwe la UTM kwanza, jambo la sekunde chache, lakini ni lazima ulijue.

Swali gumu zaidi halijibiwi na programu yoyote: mita 60 zinaanzia wapi? Korongo la Dar es Salaam halina ukingo mmoja. Wakati wa kiangazi ni mfereji wa mita nne, na mvua za masika zikikolea linakuwa mto. Mchoraji anayeanzia katikati ya mfereji na yule anayeanzia kwenye kingo za juu watapata idadi tofauti ya viwanja, na kwa mpaka mrefu wa shamba tofauti hiyo inaweza kula safu nzima. Ninachofanya mimi ni kuchora kingo za juu kutoka kwenye picha ya droni, kuzihakiki kwa miguu, na kuandika kwenye ramani yenyewe ni ukingo upi uliotumika.

Mteremko

Kwa mteremko, programu zote mbili zina zana zilezile kimsingi: unaingiza modeli ya mwinuko, unapata mteremko kwa asilimia, mistari ya kontua na njia ya maji. Katika QGIS zana hizi zimo ndani bila malipo, baadhi zikitoka katika programu huria za GDAL na GRASS. Katika ArcGIS Pro, kwa mpangilio wa leseni uliozoeleka, nyingi zimo katika viongezo vya Spatial Analyst na 3D Analyst, ambavyo hulipiwa juu ya leseni ya msingi. Ofisi nyingi hugundua hilo baada ya kununua, zana inapokataa kufunguka.

Jambo lenye uzito zaidi hapa ni data. Modeli ya mwinuko ya SRTM, inayopatikana bure, ina visanduku vya takriban mita 30 kwa 30. Kisanduku kimoja ni mita za mraba 900, maana yake kinameza kiwanja kizima cha mita za mraba 600 pamoja na barabara iliyo mbele yake, na kukipa namba moja ya mwinuko. Ramani ya mteremko itakayotoka itakuwa na rangi za kuvutia na haitakuambia maji ya kiwanja cha 14 yataelekea kwa jirani yupi. Kwa kuamua kama eneo zima linafaa, inatosha. Kwa kupanga mitaro, unahitaji upimaji wa ardhini au droni, na droni Tanzania hairushwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kabla ya kulipia urushaji, tazama kama eneo lako liliwahi kuchukuliwa. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015 kwa kuwashirikisha wanafunzi wa vyuo na wakazi wa kata zinazofurika, uliacha picha za droni na data nyingi za OpenStreetMap (ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea), zikiwamo nyumba, mitaro na makalvati, na huko Zanzibar visiwa vilipigwa picha kwa droni katika mradi uliowahusisha vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA). Data za OpenStreetMap hufunguka katika QGIS kwa programu-jalizi ya QuickOSM ndani ya dakika moja. ArcGIS Pro nayo huzisoma, ila njia ni ndefu kidogo.

Kuchora viwanja vyenyewe

Hapa ndipo ninapolazimika kuisifu ArcGIS Pro bila kigugumizi. Ina zana za kuingiza mpaka kwa mwelekeo na umbali, kama mpima anavyosoma kwenye ramani ya upimaji, na mwishoni hukueleza mzunguko wako umeshindwa kufunga kwa kiasi gani. Ina mfumo maalumu wa kutunza viwanja pamoja na historia yake, kiwanja kimoja kikigawanywa kuwa viwili bila rekodi ya kwanza kupotea. Ina pia kanuni za topolojia unazozitangaza mara moja, kwa mfano kwamba kiwanja kisipande juu ya kingine na kusiwe na nafasi tupu kati yao, kisha inakuonyesha kila kosa kwa rangi nyekundu. Mfumo wa viwanja na uundaji wa topolojia, hata hivyo, vinataka leseni ya ngazi ya Standard au zaidi. Ya Basic haitoshi.

QGIS ina ukaguzi wa topolojia, ina kunasisha ncha (kuzivuta ncha za mistari zikutane), na ina chaguo la kuzuia umbo jipya kupanda juu ya la zamani. Kwa viwanja mia moja na hamsini vya shamba letu, vinatosha kabisa kwa mtu makini. Kwa ofisi inayotunza viwanja elfu arobaini vya manispaa, vyenye wachoraji sita kwa wakati mmoja, ningeshauri ArcGIS Pro au, ikiwa kuna mtaalamu wa kudumu wa hifadhidata, QGIS juu ya hifadhidata ya PostGIS. Na neno “wa kudumu” nimeliandika kwa makusudi, kwa kuwa nimeona hifadhidata nzuri ikigeuka gofu baada ya mtu mmoja kuhamishwa kituo.

Mafaili yanayopita mikononi

Shamba moja hupita kwa watu wengi: mpima, mpangaji, mhandisi wa barabara, ofisa wa mazingira, na mwenye fedha. Wapima na wahandisi wengi hufanya kazi katika programu za michoro ya kihandisi, AutoCAD au Civil 3D, na watakuletea faili la DWG. ArcGIS Pro hulifungua moja kwa moja. QGIS hulikubali kwa shida, hasa matoleo mapya, hivyo ni heri umwombe mpima akutolee DXF, aina nyingine ya faili la michoro.

Kuna pia faili la shapefile, aina ya zamani ya faili la ramani, ambalo halmashauri nyingi bado hulitaka na ambalo majina ya safu zake hayazidi herufi 10. Ukiwa na safu iitwayo matumizi_yaliyopo na nyingine iitwayo matumizi_yanayopendekezwa, QGIS ikizihifadhi katika shapefile, ya kwanza itakuwa matumizi_y na ya pili itabadilishwa kuwa matumizi_1, na atakayelipokea faili baada ya miezi sita hatajua ipi ni hali ya sasa na ipi ni pendekezo. Tumia GeoPackage, ambayo QGIS huipendelea na ArcGIS Pro huisoma, au ukilazimishwa shapefile, ziite safu zako matum_sasa na matum_pend tangu mwanzo. Kwa upande mwingine, hifadhidata ya faili ya Esri, iliyowahi kuwa ukuta kati ya programu hizi, sasa husomwa na huandikwa na QGIS tangu maktaba ya GDAL ilipofika toleo la 3.6 mwaka 2022.

Uwanjani, QField hubeba mradi wa QGIS ulivyo kwenye simu ya Android na hufanya kazi bila mtandao. Field Maps ya Esri ina mpangilio mzuri zaidi kwa timu kubwa, lakini inadai akaunti ya ArcGIS kwa kila mtu.

Gharama, na nani achague ipi

ArcGIS Pro hulipiwa kwa mwaka kwa kila mtumiaji, kupitia wakala; kwa ukanda wetu wakala ni Esri Eastern Africa, yenye makao Nairobi. Kuna leseni ya matumizi binafsi ya dola 100 kwa mwaka, ambayo hairuhusiwi kwa kazi ya kulipwa, na wapo wanaojisahaulisha hilo. Nakala zilizovunjwa leseni zinazouzwa kwenye flashi sizijadili, isipokuwa kusema kwamba ramani inayokwenda kuwa kielelezo mbele ya kamati au baraza la ardhi haifai kutoka huko. Wanaoendelea na ArcMap wajue kwamba Esri ilitangaza mwisho wa msaada wake kuwa Machi 2026. Kompyuta nayo ni gharama: ArcGIS Pro inataka kumbukumbu ya gigabaiti 8 kama kima cha chini, na kwa uzoefu wangu hata 16 hazina raha ukifungua picha ya droni, ilhali QGIS huvumilia mashine ya kawaida ya ofisi.

Mpangaji binafsi au kampuni ndogo inayoandaa mashamba machache kwa mwaka ichukue QGIS, na ichague toleo la msaada wa muda mrefu badala ya lile jipya kabisa, ili mradi wa Januari ufunguke bila vituko mwezi Septemba. Halmashauri ambayo tayari ina leseni za Esri, na ambayo majirani zake na wizara hubadilishana nayo hifadhidata, haina sababu ya kuhama, ila imwezeshe kila ofisa kuwa na QGIS pembeni kwa siku ambayo leseni imechelewa kulipiwa. Mwanafunzi ajifunze QGIS kwanza, kwa kuwa ataondoka nayo chuoni, kisha ArcGIS Pro wakati chuo bado kinamlipia. Mwenye shamba asiyechora mwenyewe anahitaji Google Earth Pro na ujasiri wa kumuuliza mtaalamu wake mfumo wa kodineti uliotumika.

Kwa zile ekari 40 za mfano wetu, ningeanza na kitelezi cha muda cha Google Earth Pro juu ya korongo, kuanzia picha za kabla ya mafuriko ya Desemba 2011 hadi za sasa. Ningeingiza alama za mpaka katika QGIS kwa EPSG:21037 na kuzihakiki kwa kusimama na GPS kwenye bikoni (alama za mpaka zilizosimikwa ardhini) mbili zilizo mbali baina yake. Ningechora ukingo wa juu na ukanda wa mita 60 katika UTM, na mchoro wa viwanja ningemwachia mpima aufanye katika programu aliyoizoea, mradi anirudishie DXF yenye jina la mfumo wa kodineti ndani ya jina la faili.